Puglia siyo kama unavyoiona kwenye picha

Kila nikiposti picha za huku napata maswali yaleyale, nikaona bora niandike mara moja tu. Puglia ndo ule mkoa wa kusini mwa Italia, ukiichukulia Italia kama buti basi huku ni kisiginoni, na mimi nipo Bari, mji mkuu wa mkoa.

La kwanza, eti fukwe zote ni mchanga mweupe kama Nungwi. Hapana jamani. Upande wa bahari ya Adriatic, kuanzia Polignano a Mare kushuka Monopoli, sehemu kubwa ni miamba, na ule ufuko maarufu wa Polignano ulio katikati ya magenge mawili, Lama Monachile, ni kokoto, tena zinachoma ikifika saa saba mchana, kwa hiyo beba yeboyebo, habari za kutembea peku waachie wanaopiga picha. Mchanga mwingi uko upande wa pili, bahari ya Ionio, huko Porto Cesareo na Pescoluse. Afu kuna kitu kinamchanganya mtu wa pwani: maji hayapwi! Yaani Zanzibar wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4, huku hata nusu mita haifiki. Siku zangu za mwanzo nilikaa juu ya jiwe nasubiri maji yatoke niokote kaa, nikasubiri weee mpaka jua linazama, maji yako palepale.

Lingine, "si ni Mediterania, jua mwaka mzima, naenda hata mwezi wa nne naogelea". Jua utalipata ila maji mwezi wa nne yana nyuzi kama 15, utaingia mguu mmoja tu. Subiri Juni.

Na ufuko siyo lazima ulipie. Watu wanaona ile miavuli iliyopangwa mistari wanadhani pwani yote imeuzwa, ile ni biashara ya mtu, anakodisha kitanda na mwavuli, ila ukanda wa pale maji yanapogonga ni wa wote kisheria. Tafuta kibao kimeandikwa spiaggia libera, yaani ufuko wa bure, tandika khanga yako ulale.

Sasa zile nyumba za mji wa Alberobello, wanaziita trulli, zenye paa limechongoka. Nikiweka picha tu utasikia "kumbe Wazungu nao wana msonge", mwingine anasema ni vibanda vya watalii vimejengwa juzi. Msonge kwa umbo sawa, ila hizi ni mawe mpaka juu, yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kushikiza, na zipo tangu karne na karne. Kwa nini bila chokaa? Inasimuliwa kwamba ufalme wa Naples ulikuwa unatoza kodi kwa kila makazi mapya, sasa mabwana wa Conversano waliomiliki eneo lile wakawaambia wakulima wajenge kwa namna ambayo mkaguzi akija nyumba inabomolewa chapchap, mawe yanabaki rundo, hakuna kijiji hapa mzee. Wajanja hao! Mwaka 1797 mfalme Ferdinand wa Nne akaupa mji uhuru wake, ndo ikajengwa nyumba ya kwanza yenye kishikizo, bado imesimama wanaiita Casa d'Amore. Unesco wakauorodhesha mji 1996, na ndani ya baadhi ya trulli watu bado wanalala na kupika kama kawaida, usichungulie madirishani.

"Bila gari hufiki popote." Nusu kweli. Bari mpaka Polignano, Monopoli, Ostuni na Lecce ni treni moja kwa moja, ila ukishuka Ostuni mji wenyewe uko juu ya kilima kilomita kadhaa, panda basi. Alberobello ni reli nyingine ndogo ya mkoa, na Jumapili treni zake kwa kawaida hazitembei, kuna mabasi machache tu. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kimashine kabla hujapanda, ukisahau faini ni yako.

Watu wanafika kijijini saa tisa mchana wanasema pamekufa. Hapajakufa, wamelala! Maduka yanafungwa kama saa saba mpaka kwenye saa kumi na moja jioni, na jiko la chakula cha usiku linawaka saa mbili. Mimi yamenikuta Ostuni, njaa inauma, mji mzima mweupe pee kwa chokaa, na kiumbe pekee niliyemwona ni paka.

Pweza je? Wavuvi wa Bari wanampigapiga kwenye mawe kama kwetu, nikajisikia nyumbani kabisa, kumbe hawampeleki jikoni, wanamzungusha kwenye beseni mpaka mikono ijikunje, wanamla mbichi. Nilinunua focaccia, mkate wao wa bapa, nikaondoka zangu.

Na usitegemee mizeituni ya kijani kote. Kusini, huko Salento, bakteria anaitwa Xylella aligunduliwa 2013 karibu na Gallipoli na ameua mamilioni ya miti, unapita na basi unaona mashamba ya magogo ya kijivu, mengine ya mamia ya miaka. Wakulima wanapanda upya aina zinazovumilia, Leccino na Favolosa, ila bado midogo, haina hata kivuli cha kukaa mtu.

Agosti usije kama unaweza, Italia nzima iko ufukweni. Septemba mwanzoni maji bado ya uvuguvugu na hugombei jiwe la kuweka begi.