Kabla ya Kuuza Shamba, Hesabu Makaburi

Mtu akifariki Kampala, kilio kikitulia kidogo swali huwa ni moja: atazikwa wapi? Mara chache jibu huwa ni mjini. Ndugu huchanga hela ya gari na mafuta, maiti ikasafirishwa Masaka, Gulu au Mbale. Kwa wengi wetu, kuzikwa katika makaburi ya manispaa ni kama kuachwa njiani.

Waganda, yaani watu wa ufalme wa Buganda hapa Uganda, huita makaburi ya ukoo ekiggya. Hapo ndipo mtu anapothibitishwa kuwa ni wa nani. Kwenye kwabya olumbe, yaani kumaliza matanga na kumsimika mrithi, mtu husimama na kulanya: anataja jina lake, baba yake, babu yake, na kuendelea hadi mahali wazee wake walipolala. Asiyejua makaburi yao, maneno humkatikia mdomoni.

Ndiyo maana Mkataba wa 1900, kati ya Waingereza na Buganda, uliacha kidonda. Ardhi ya maili, yaani ardhi ya kumilikiwa na mtu binafsi iliyopimwa kwa maili za mraba, iligawiwa machifu na wakubwa wengine, na koo nyingi zikajikuta makaburi yao yamo ndani ya mashamba ya watu baki. Miaka ya 1920 wataka, viongozi wa koo, walisimama kudai ardhi hiyo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wazee wetu wamelala pale.

Hata wafalme hurudishwa. Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, mabaki yake yakaletwa 1910. Edward Muteesa II alifia London 1969, akarudi kuzikwa 1971. Wote wawili wamo katika nyumba ya makaburi ya wafalme huko Kasubi, Kampala, pamoja na Muteesa wa Kwanza na Daudi Chwa, chini ya paa la nyasi lenye pete 52 kwa ajili ya koo 52. Moto ulipoiteketeza nyumba ile Machi 2010, nyumba iliungua lakini kaburi lilibaki kaburi, na kazi ya kuijenga upya ikaanza. Waezekaji wake ni watu wa ukoo wa Ngeye.

Kaskazini hali ilikuwa chungu zaidi. Wakati wa vita kati ya serikali na waasi wa LRA, Waacholi wengi walizika wapendwa wao kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Watu waliporudi vijijini, familia nyingi zilirejea kambini kufukua mifupa, wakachinja mnyama na kuwabeba wafu wao nyumbani.

Siku hizi ninachokiogopa ni mauzo ya viwanja. Katika kazi yangu ya uhifadhi niliwahi kuingia shambani na mzee mmoja, katikati ya migomba na kahawa. Mimi sikuona kaburi hata moja. Yeye alinionyesha masale, mmea wa kuashiria kaburi ambao Waganda huuita mulamula, na chini yake mawe matatu yaliyozama nusu. "Huyu ni bibi," akasema, akasogeza majani makavu kwa mguu, taratibu. Tulihesabu kumi na moja. Mwanawe aliyetaka kuuza shamba lile alikuwa anayajua mawili tu, yale yenye sementi na vigae.

Mnunuzi hana kosa kung'oa masale ambayo hakuambiwa maana yake. Kosa ni letu tulionyamaza.

Kwa hiyo fanyeni hivi wazee wangali hai. Chukueni daftari, mkatembee shambani na shangazi au babu anayejua. Andikeni kila jina, alama iliyopo, na hatua ngapi kutoka kwenye mti au kona ya nyumba. Pale ambapo alama imepotea, pandeni masale mapya; hustahimili kiangazi kuliko kibao cha mbao. Kama lazima muuze, ekiggya kipimwe kando, kitengwe na njia yake ya kupitia, na maneno hayo yaandikwe kwenye mkataba wa mauzo mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Nakala moja ikae kwa mkuu wa ukoo, nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji.