Nikutilie ngapi? Maana ya presha ya tairi

Simama penye pampu ya upepo katika kituo chochote cha mafuta hapa Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Bamburi, kijana atakuja na mpira mkononi na swali moja: "Nikutilie ngapi, mzee?" Wengi hujibu "tia thelathini". Wengine "tia thelathini na tano, nina safari". Na wapo wanaosema "tia tu, wewe wajua". Masikini, hajui. Hata fundi aliyezeekea kwenye matairi hajui mpaka asome kibandiko cha gari lenyewe.

Tuanze na neno. Sisi husema upepo, na kwa mazungumzo latosha, ila geji, kile kipimio cha pampu, haipimi wingi wa upepo. Inapima presha, yaani jinsi hewa iliyofungiwa mle ndani inavyousukuma ukuta wa tairi. Tairi la tuktuk na la gari kubwa yanaweza kusoma nambari moja ilhali hewa iliyomo haikaribiani hata kidogo. Kipimo kilichozoeleka kwetu ni psi: ratili ngapi za msukumo katika kila inchi mraba, ratili zile zile za mizani ya zamani ya dukani.

Hewa hiyo ndiyo inayobeba gari; mpira peke yake ungelala chini. Chukua gari dogo la kilo 1,200. Kila gurudumu linabeba kama kilo 300, na kwa psi 32, sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama sentimita mraba 133. Hicho ni kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne ndivyo vinavyokushikilia unapokanyaga breki ghafla pale daraja la Nyali, lami imelowa na matatu mbele yako imesimama bila taarifa.

Presha ikipungua, tairi linalala na kulemea mabegani, yaani kwenye kingo zake za pembeni. Ukuta wake unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, gari linakunywa mafuta zaidi, na kule kukunjika kunazaa joto. Joto hilo ndilo linalopasua matairi kwenye barabara kuu, gari limejaa watu na mwendo ni wa kasi. Presha ikizidi, kiganja kinanywea: tairi linasimama kwa tumbo, yaani katikati tu, breki zinachukua nafasi ndefu zaidi, na kila shimo la barabarani unalihisi kiunoni. Ukitaka kujua gari limekuwa likitiwa vipi, tazama matairi yake ya zamani. Yaliyolika pembeni pande zote mbili yalikosa upepo. Yaliyolika katikati yalizidishiwa. Likilika upande mmoja tu, hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayakunyooka sawa, usiisingizie presha.

Basi nambari yako iko wapi? Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya mlango. Magari mengine hukiweka kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari mengi hapa kwetu yalishuka bandarini yakitoka Japani, kwa hivyo kibandiko huwa kimeandikwa Kijapani, na wenyewe hukipuuza kwa miaka wakidhani hakisomeki. Nambari hazina lugha. Tafuta saizi ya tairi lako, tuseme 175/65R14, kisha uangalie nambari iliyo pamoja na kPa, kipimo kingine cha presha. Gawanya kwa 7 na utakaribia psi. Kwa hesabu kamili, 220 ni psi 32, 230 ni 33, na 240 ni 35. Mara nyingine mbele na nyuma hutofautiana, na vibandiko vingine huwa na nambari ya pili, ya juu zaidi, kwa gari lililojaa watu na mizigo. Kama umebadilisha saizi ya matairi, kibandiko hicho kinakuwa cha gari ulilokuwa nalo zamani, na afadhali umwulize muuza matairi anayejua jedwali la mizigo, yaani tairi la saizi gani hubeba uzito gani kwa presha gani.

Kuna nambari nyingine, imechongwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi 44 au 51. Hiyo hudanganya watu wengi. Ni kikomo cha tairi, na kiwanda kilichoichonga hakijui tairi litavalishwa gari gani. Jirani yangu alikuwa akitia 44 kila mara kwa sababu "ndivyo wenyewe walivyoandika". Gari lake lilikuwa likidunda kama mpira wa watoto.

Nambari ya kibandiko ni ya tairi baridi, na hapa watu wa Pwani hucheka: baridi ipi? Maana yake ni tairi lililokaa saa tatu hivi bila kutembea, au lililotembea pole pole chini ya kilomita 2. Hewa ikipata moto inasukuma zaidi, kiasi cha psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Siku moja alfajiri niliweka magurudumu yote 31, nikaliacha gari chini ya mwarobaini. Saa nane mchana, upande wa kivulini ulisoma 32, upande uliopigwa na jua 34. Hakuna aliyeongeza kitu.

Ndiyo maana sitoi upepo tairi likiwa moto. Niliwahi kufanya hivyo. Nimetoka Malindi, geji inasoma 37, kijana wa pampu akaniambia zimezidi, tukazipunguza hadi 32 huku nikimshukuru. Asubuhi zilikuwa 27. Ukilazimika kutia safarini, weka 3 au 4 juu ya kibandiko, kisha upime tena asubuhi.

Kwa anayeshuka kutoka Nairobi kuna jambo jingine. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na hewa ya nje hailingani kila mahali: usawa wa bahari inasukuma kwa psi 14.7, Nairobi, mita 1,700 hivi juu, ni kama 12. Kwa hivyo 32 uliyotia kule, ikifika hapa, inakuwa 29 na ushei. Joto letu linarudisha moja au mbili. Ukipanda kurudi, mambo yanageuka. Lala kwanza, pima alfajiri, ndipo uamue.

Halafu wapo wanaouza nitrojeni kwa bei yake. Hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78 tayari. Kwa gari la kwenda sokoni Kongowea na kurudi, mimi pesa hiyo ningenunulia geji ya mfukoni, kwa sababu geji za pampu nyingi zimepigwa chini mara ngapi hakuna anayejua. Hata tairi zima hupoteza karibu psi 1 kwa mwezi, kwa hivyo mara moja kwa mwezi yatosha kupima, na kabla ya safari ndefu.

Usisahau spea. Ile nyembamba, inayokaa chini ya zulia la buti, hutakiwa psi 60, nambari ambayo ukimtajia kijana wa pampu atakuangalia mara mbili. Imechongwa kwenye spea yenyewe, 420 kPa. Mwonyeshe.