Kulinda pampu si sawa na kulinda barua pepe

Wanafunzi wengi wa usalama wa mtandao ninaowapokea hapa Mombasa wametoka kwenye kompyuta za ofisini. Wamezoea kuanza kazi kwa kupekua mtandao mzima kwa programu, waone kumeunganishwa nini. Kwenye mitambo inayofanya kazi, hilo nalikataza kabisa. Kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, kikiwa cha zamani na kikirushiwa maswali mengi kwa mpigo kinaweza kuganda, na pampu inayokitegemea ikasimama, au ikaendelea kusukuma bila kujua pa kukomea.

Na mji huu unaishi kwa pampu. Maji ya Baricho, kando ya Mto Sabaki, lazima yasukumwe ndipo yatufikie. Yakikatika siku chache tu, waulize akina mama wa Kisauni bei ya mtungi mmoja kwa muuza maji wa mkokoteni. Ndiyo maana nafundisha hivi: kwanza mtu asidhurike, pili huduma isikatike, siri za taarifa zifuate. Ofisini siri ndiyo hutangulia, na kumgeuza mtu aliyezoea hivyo kunachukua muda.

Maneno hayatoshi. Darasani tuna matangi mawili ya plastiki, pampu ndogo, kihisi cha kina cha maji na kidhibiti, kile mafundi wanachokiita PLC. Vinawasiliana kwa Modbus, itifaki (lugha ya mashine kuwasiliana) ya mwaka 1979 ambayo hadi leo imejaa viwandani. Modbus ya kawaida haiulizi nywila. Pampu imepangiwa kuzima tangi likifika asilimia 80. Mwanafunzi anatuma amri moja fupi kutoka kwenye laptopu yake: kikomo kiwe 200. Kidhibiti kinatii. Maji yanafurika mezani, huku skrini ikionyesha kijani kitupu, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Pampu inafanya ilichoambiwa.

Kisha tunafunga swichi ya boya, inayoinuliwa na maji yenyewe na kukata umeme wa pampu moja kwa moja, bila kupitia mtandaoni. Tunarudia shambulio, na safari hii meza haipati tone. Baada ya hapo ndipo nafundisha kutenganisha mtandao wa ofisi na wa mitambo.

Mafundi wa mitambo nawaita darasani kila muhula, kwa kuwa wao ndio wanaojua namba ipi si ya kawaida. Mwaka 2000, kule Maroochy, Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mfumo wa majitaka alitumia laptopu na redio kumwaga takriban lita 800,000 za uchafu kwenye mito na bustani. Hakuhitaji ustadi mkubwa wa udukuzi. Aliujua mfumo.

Julai 2021 Transnet, kampuni ya serikali ya Afrika Kusini inayoendesha bandari na reli, iliposhambuliwa kimtandao, kazi ya makasha katika bandari ya Durban ilirudi kwenye makaratasi. Sisi wa bandari ya Kilindini, hapa Mombasa, hatuwezi kulisoma hilo kama habari ya mbali. Kwa hiyo mtihani wangu wa mwisho unaanza skrini zikiwa zimezimwa: mmoja anasoma kina cha tangi kwa rula, mwingine ameshika swichi, wa tatu anaandika kila badiliko daftarini. Wakiliweza hilo, ndipo nawaruhusu kumtafuta aliyeingia na mlango aliopitia.