Je, wajua? Eksirei inaweza kuupita ufa bila kuuona

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na haukupita muda kabla hajapiga picha bunduki yake mwenyewe ya kuwindia. Viwanda vilifuata baadaye. Nami kwa miaka niliamini kwamba chuma ni kama mfupa: kikiwa na ufa, picha itausema.

Nilikosea, tena mara mbili. Kwanza nilidhani tundu lililofichika ndani ya chuma hutokea jeupe kwenye filamu. Hutokea jeusi, kwa sababu penye uwazi miale mingi zaidi hupenya, na filamu huwa nyeusi pale inapopigwa na miale kwa wingi. Kinachotoka cheupe ni kitu kizito kuliko chuma, mfano chembe ya tangisteni iliyonasa kwenye mshono wa kuchomelea.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Filamu haipigi picha ya ufa. Inaonyesha tu miale mingapi imesalimika baada ya kuvuka chuma.

Chukua umati unaovuka msitu mnene, wengi wakinasa vichakani. Msituni mna kijia chembamba. Kikielekea huko huko waendako, waliobahatika kukiingia watatokea ng'ambo kwa wingi, wote mahali pamoja. Kijia hicho hicho kikikatiza mbele yao, kila mtu atapunguziwa hatua moja tu ya vichaka. Anayewahesabu ng'ambo hatashuku chochote.

Sasa chukua bamba la chuma la milimita 20, lenye ufa wa kina cha milimita 5 na uwazi wa milimita 0.05. Ufa ukisimama sambamba na miale, mwale unavuka chuma cha milimita 15. Ufa ukilala, mwale unavuka milimita 19.95. Tofauti kati ya hiyo na chuma kizima cha milimita 20 ni robo ya asilimia moja, ilhali kiwango kinachodaiwa mara nyingi viwandani ni kutambua tofauti ya takriban asilimia 2. Ufa upo, na filamu ni safi kabisa!

Hata uliosimama hauna dhamana. Chanzo cha miale, tuseme kidonge cha iridiamu-192 (metali ya mnururisho itoayo miale ya gama, inayotumika kwa kazi hiyo hiyo ya eksirei), si nukta. Kina upana wake, hivyo kingo za kivuli hufifia na ufa mwembamba mno humezwa humo. Mapovu na takataka za kuchomelea hukamatwa kwa urahisi zaidi, maana yana unene upande wowote utakaoyatazama. Nyufa zilizolala huachiwa ultrasaundi, ambayo hupenda hasa kile kinachoishinda eksirei: uso mpana wa kurudisha mwangwi.