Nyuzi joto 20 zinamuua samoni, na sato hausiki

Kila nikigusia samoni wa Mto Fraser, Kanada, samaki wanaotoka baharini na kupanda mto kwenda kutaga, napata ujumbe uleule: "Sato wa Ziwa Victoria wanaishi kwenye nyuzi 25 na wananenepa. Hao samoni wanakufaje kwa 20?" Safari hii umetoka kwa mfugaji wa samaki, mtu anayepima oksijeni bwawani kila siku. Nimechoka kujibu kwa mistari miwili.

La sato ni jepesi. Mtie sato kwenye nyuzi 16 zinazompendeza samoni, ataacha kula. Kila samaki ana maji yaliyomlea. Tusonge mbele.

Linaloniudhi ni jibu la haraka ambalo hata wasomi wanalitoa: maji ya joto hayana oksijeni, kwa hiyo samaki anakosa hewa. Maji baridi ya nyuzi 10 yakishiba hubeba miligramu 11 na ushei za oksijeni kwa lita; kwa nyuzi 20 hubeba kama 9. Tisa! Mfugaji wa sato angeshukuru kuzikuta alfajiri. Majini oksijeni ipo. Kinachoshindwa ni moyo kuifikisha inakotakiwa.

Joto la mwili wa samoni ni la maji aliyomo. Maji yakipata joto, kila seli inadai oksijeni zaidi hata akiwa ametulia, na moyo unaongeza mapigo. Tofauti kati ya mahitaji ya kutulia na uwezo wa juu kabisa ndiyo akiba yake ya kupanda maporomoko, kumkwepa adui na kukomaza mayai. Kwa samoni mwekundu (sockeye) wa Fraser, akiba hiyo huwa kubwa zaidi kwenye nyuzi 16 au 17 hivi, kisha inaporomoka. Kwenye tangi tulivu la nyuzi 22 utamkuta hai, matamvua yanapepea, na mtu atakuambia huyu mzima. Mfungulie mkondo uone atafika wapi.

Sehemu kubwa ya moyo wa samoni ni nyama ya sifongo isiyo na mishipa yake ya damu. Inafyonza oksijeni kwenye damu inayopita ndani ya moyo wenyewe, yaani damu iliyokwisha kuzunguka mwili mzima na sasa inarudi. Ni kama mama anayewapakulia wote, kisha anakula kilichobaki sufuriani. Samaki akipanda mkondo kwenye maji ya joto, misuli inakomba karibu kila kitu, na moyo unaachiwa makombo saa ileile unapotakiwa upige kasi zaidi. Mapigo yanafika kileleni, halafu yanaanza kuruka.

Ndiyo maana sipendi mtu aniulize "kikomo cha kufa". Nyuzi 25 hivi zinamuua samoni tangini, sawa, lakini safari inaharibika kuanzia 18. Na hakuna namba moja hata ndani ya mto mmoja: samoni wanaotaga Chilko, wanaopanda mbali hadi milimani, wanavumilia joto kuliko ndugu zao wa kijito cha Weaver Creek, ambao safari yao ni fupi. Kuna linalonisumbua zaidi: samoni waridi (aina nyingine ya samoni) wa mto huohuo akiba yao inafika kileleni karibu na nyuzi 21. Wapo wenzangu wanaoikataa nadharia hii, kwamba akiba ya oksijeni ndiyo inayoamua joto analolimudu samaki, kwa samaki wengi, na wana hoja. Kwa samoni mwekundu naiamini. Kuwabebesha samaki wote, hapana.

Juu ya joto weka msukosuko: wavu, ndoana, msongamano chini ya bwawa la umeme. Adrenalini, homoni ya mshtuko, inayafungua matamvua ili oksijeni iingie, lakini kwenye maji ya mto yasiyo na chumvi mlango huohuo unaingiza maji mwilini na kutoa chumvi. Kotisoli, homoni nyingine ya msukosuko, ikikaa juu kwa siku kadhaa, kinga inashuka, na bakteria wanaokula matamvua wanastawi kwenye joto. Mto Klamath, California, Septemba 2002: maji machache, ya joto, samaki wamebanana, wakafa zaidi ya 30,000. Mto Columbia, 2015: samoni wekundu kama 250,000.

Mvuvi anayemvua samoni, akamwinua apigwe picha, akamrudisha, huniambia "ameondoka akiogelea". Hewani nyuzinyuzi za matamvua hushikamana na kulala kama manyoya yaliyoloa, na asidi ya misuli inaendelea kupanda. Ataondoka akiogelea, ndiyo, halafu afe siku chache baadaye kwenye kina ambacho mvuvi hakioni. Tena huyu hajala chochote tangu aingie mtoni. Hana pa kujazia alichopoteza.

"Si hufa tu baada ya kutaga?" Baada, ndiyo! Ninaowazungumzia wanaokotwa wamekufa, na wakipasuliwa mayai yote yamo tumboni. Na majike hufa zaidi ya madume maji yakipata joto. Wengine wanataja gharama ya mayai, wengine wanasema moyo wa dume hukua anapokomaa kuliko wa jike. Mimi hakuna maelezo yaliyonitosheleza bado. Dume mmoja anaweza kurutubisha mayai ya majike kadhaa, kwa hiyo ukiletewa idadi ya waliokufa, uliza wangapi walikuwa majike, na wangapi kati yao walikuwa wameshataga.