Je, wajua kwa nini amri ya git switch iliitwa ya majaribio kwa miaka sita?

Agosti 2019, toleo la 2.23 la Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi, lilikuja na amri mbili mpya: git switch na git restore. Kabla ya hapo git checkout peke yake ilifanya kazi mbili tofauti kabisa, yaani kuhama kutoka tawi moja (mkondo wa kazi uliotengwa) kwenda jingine, na kurudisha faili kama ilivyokuwa. Ukidhani unahamia tawi, kumbe jina uliloandika ni la faili, mabadiliko ambayo hujayahifadhi yanafutika papo hapo. Kutenganisha kazi hizo kulikuwa jambo jema. Lakini kwenye ukurasa wa maelezo wa kila amri kuliwekwa onyo kwa herufi kubwa kwamba amri hii ni ya majaribio na tabia yake inaweza kubadilika. Onyo hilo lilikaa hadi toleo la 2.51, Agosti 2025.

Lilikaa muda wote huo kwa sababu halikuwa na sharti la kuisha. Halikutaja ni nini hasa bado kinaamuliwa, wala ni lini au kwa kigezo gani majaribio yatakwisha. Lililinda uhuru wa watengenezaji kubadili vichaguzi vya amri (maneno ya ziada yanayobadili inavyofanya kazi), basi. Mtumiaji aliyelisoma alikuwa na haki ya kuelewa jambo zito zaidi: kwamba akiitumia, kazi yake inaweza kuharibika. Na hatari ya kweli ya git restore haina uhusiano wowote na majaribio. Ukiandika git restore ripoti.txt, mabadiliko ambayo hujayaingiza kwenye Git yanapotea na Git haiwezi kuyarudisha. Hiyo ndiyo kazi ya amri yenyewe, na leo ambapo onyo limeondolewa bado inafanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo penye tatizo la nyaraka nyingi za programu huria. Neno "majaribio" linabeba hatari za aina tofauti, na mwandishi asipotaja ni ipi, msomaji anabaki kubahatisha.

Linganisha na Python, lugha ya kuandikia programu. Toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, lilileta namna ya kuendesha programu bila GIL, ile kufuli inayoruhusu uzi mmoja tu wa kazi (mfuatano mmoja wa maagizo) kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Nalo liliitwa la majaribio, lakini nyaraka zake zilieleza maana yake. Zilisema unahitaji Python iliyojengwa mahsusi, ambayo kwa kawaida huitwa python3.13t, na ukiijenga mwenyewe, unatumia kichaguzi cha --disable-gil. Zilitaja gharama: programu yenye uzi mmoja ingepungua kasi kwa takribani asilimia 40 kwenye vipimo vyao vya kawaida. Pia zilieleza mtego mkubwa kuliko yote. Ukipakia maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ya lugha ya C ambayo haijatangaza kwamba inaweza kufanya kazi bila kufuli, Python inairudisha kufuli na kutoa onyo. Asiyelijua hilo anapima kasi siku nzima, asione tofauti yoyote, kisha anahitimisha kwamba kipengele ni kibovu. Dawa yake ni mstari mmoja, sys._is_gil_enabled(): ukijibiwa False, kufuli imezimwa kweli.

Kwenye Btrfs, mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski, hatari ni nyingine kabisa, maana hapa kinachoweza kupotea ni data. RAID5 na RAID6 zake, njia za kusambaza data kwenye diski kadhaa ili diski ikifa data ibaki, zina udhaifu unaojulikana: umeme ukikatika katikati ya kuandika, data na taarifa za kuikarabati zinaweza kutofautiana, na diski moja ikifa baadaye, ukarabati unaleta takataka. Nyaraka zinasema waziwazi kwamba hazifai kwa kazi halisi. Ila haziishii kwenye "usitumie", na kwa hilo zinastahili sifa. Kwa anayetaka kujaribu, zinasema taarifa za mfumo, zile zinazoonyesha kila faili iko wapi, ziwekwe kwenye raid1 (nakala mbili) ikiwa data iko kwenye raid5, au raid1c3 (nakala tatu) ikiwa data iko kwenye raid6. Onyo la namna hiyo linamwachia mtu cha kufanya.

Sasa tuone maelezo ya namna hii yanavyoandikwa. Chukua programu ya kubuni ya hesabu za duka, yenye njia mpya ya kuhifadhi data. Maelezo dhaifu yanasema: "Kipengele hiki ni cha majaribio. Kitumie kwa tahadhari." Tahadhari gani? Maelezo yanayofaa yanasomeka hivi:

"Hifadhi mpya: ya majaribio tangu toleo la 4.2, imezimwa hadi uiwashe. Kuiwasha, andika hifadhi_mpya = ndiyo kwenye faili ya mipangilio, kisha zima na uwashe programu. Muundo wa data unaweza kubadilika. Toleo la 4.3 huenda lisisome data iliyoandikwa na 4.2. Huwezi kurudi kwenye hifadhi ya zamani bila nakala, kwa hiyo kabla ya kuiwasha, zima programu na unakili folda nzima ya data. Kutoa ripoti kwa CSV bado hakufanyi kazi. Kuhakikisha imewaka, endesha duka --hali na utafute mstari usemao hifadhi: mpya."

Agizo la kuzima programu kabla ya kunakili lina sababu. Faili inayoandikwa wakati huohuo inaweza kunakiliwa nusu, na nakala hiyo utagundua haifai siku unayoihitaji. Agizo la kuhakikisha nalo lina sababu. Programu nyingi hupuuza kimya jina la mpangilio lililokosewa herufi, hivyo mtu anaweza kuripoti hitilafu ya kipengele ambacho hakijawahi kuwaka kwake, na watengenezaji wakapoteza muda kuitafuta.

Pa kuliweka onyo pana uzito sawa na maneno yake. Likae juu ya amri ambayo mtu atainakili, kwenye ukurasa huohuo, kwa sababu wengi hufika kupitia injini ya utafutaji na kutua katikati ya maelezo. Ukurasa wa peke yake wenye orodha ya majaribio unasaidia, lakini anayesoma sura ya saba hatakumbuka kuufungua. Node.js, programu ya kuendesha msimbo wa JavaScript nje ya kivinjari, wanaweka daraja la uthabiti kwenye kila kipengele: 0 ni kinachoachwa, 1 cha majaribio, 2 thabiti, 3 cha zamani. Zaidi ya hapo, programu yenyewe huonya kwenye skrini vipengele vingi vya majaribio vinapotumika. Kazi ya fetch, inayoleta data kutoka mtandaoni, ilipitia njia hiyo: mwaka 2022 ilianza kwenye toleo la 17.5 ikihitaji kuwashwa kwa kichaguzi cha --experimental-fetch, ikawaka yenyewe kwenye 18 ikiwa bado ya majaribio, na ikatangazwa thabiti kwenye 21, Oktoba 2023. Msomaji wa nyaraka za toleo lolote kati ya hayo aliweza kujua amesimama wapi.

Kazi inayosahauliwa zaidi ni ile ya baada ya kipengele kukomaa. Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, kila kipengele kipya kina swichi yake: hatua ya alfa huwa imezimwa, ya beta mara nyingi imewashwa, na kikishakuwa thabiti swichi haizimiki tena, kisha baada ya matoleo kadhaa inaondolewa kabisa. Hapo ndipo wasimamizi wa seva wanapoumia. Jina la swichi iliyoondolewa likibaki kwenye mipangilio, kubelet, programu ya Kubernetes inayokaa kwenye kila seva, inakataa kuwaka baada ya kusasishwa, ikilalamika kwamba haiitambui swichi hiyo, ingawa kipengele chenyewe kipo na kinafanya kazi. Ndiyo maana nyaraka zao zina jedwali linaloonyesha kila swichi ilikuwa hatua gani, kuanzia toleo gani hadi toleo gani, pamoja na ukurasa wa pekee wa swichi zilizokwisha kuondolewa. Tafuta humo EphemeralContainers, kwa mfano, na utaona alfa kwenye 1.16, beta kwenye 1.23, thabiti kwenye 1.25. Anayepanga kusasisha seva zake anasoma jedwali hilo kwanza, anafuta majina yaliyokufa kwenye mipangilio, ndipo anaanza kazi.