Kuunda umbo la saipresi changa kama bonsai

Kuunda bonsai ni kazi ya kuufanya mti uliopandwa katika chungu chenye kina kifupi uonekane kama mti mkubwa uliokomaa, kwa kuongoza matawi, majani na mizizi yake mwaka hadi mwaka. Saipresi fupi yenye asili ya Japani, Chamaecyparis obtusa ya aina ya 'Nana Gracilis', hupendwa kwa kazi hii kwa kuwa hukua polepole na majani yake, yaliyo kama magamba madogo, hujipanga katika vitawi bapa vilivyoshonana.

Upogoaji wake una sharti moja linalotangulia mengine yote: sehemu ya tawi iliyokwisha kupoteza majani kwa kawaida haichipui tena. Mti wa jamii ya mtini unaweza kukatwa ukabaki shina tupu, nao ukatoa machipukizi. Saipresi ikikatwa hivyo, tawi hilo limekufa. Kwa hiyo kila mkato sharti uache kijani nyuma yake, na kijani kilicho karibu na shina kilindwe kuliko kilicho nchani, maana hicho ndicho kitakachoruhusu tawi kufupishwa siku za usoni. Majani ya nje yakiachwa yasongamane, ya ndani hukosa mwanga na kukauka. (Machache ya ndani hukauka yenyewe kila majira ya kupukutika, na hilo si ugonjwa.)

Ukikitazama kitawi kimoja kwa karibu, utaona ncha ya katikati imezipita za pembeni. Hiyo ndiyo hukatwa, pale inapoungana nazo, kwa mkasi mwembamba wenye makali. Kuibana kwa kucha huponda magamba, na baada ya siku chache ncha nzima hugeuka kahawia.

Mwelekeo wa matawi hubadilishwa kwa waya wa alumini wenye unene wa takriban theluthi ya tawi, unaozungushwa kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi na kuondolewa kabla haujazama katika gome. Matawi ya chini huachwa yanenepe, huku kilele, ambacho hupenda kujichukulia nguvu zote, kikipunguzwa mara kwa mara. Mizizi nayo hupunguzwa wakati wa kuhamisha chungu, lakini si katika msimu uleule ambao majani mengi yamekatwa, kwa sababu mti uliopungukiwa mizizi huhitaji majani yake ili uoteshe mingine.